Hita ya lita 30, 50 au 80? Ulinganisho wa ukubwa, na ukaguzi wa uvujaji kabla ya kununua kubwa zaidi

Anayejenga Arusha, Iringa, Mbeya au Njombe hulikuta suala la hita mapema, maana maji ya Juni na Julai huko hayaogeki bila kupashwa. Akifika dukani anaulizwa, "Nyumba yako ina vyumba vingapi?" Swali hilo halimfikishi mbali. Nyumba ya vyumba vinne wanayoishi wazee wawili inahitaji maji moto machache kuliko nyumba ya vyumba viwili yenye watoto watatu wa shule, ambao wote wanaoga kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri. Kinachoamua ukubwa wa hita ni idadi ya watu wanaooga mfululizo, hita ikiwa haijapata muda wa kupasha maji upya. Pili ni ubaridi wa maji yanayoingia, na tatu ni uwezo wa nyaya zako za umeme.

Kuna jambo la nne ambalo muuzaji hawezi kukuambia kwa sababu halioni: wengi wanaolalamika kwamba hita yao ni ndogo wana maji moto yanayopotea mahali fulani. Hao wakinunua tangi kubwa zaidi, wanaongeza tu kiasi cha maji ya kupotea. Ndiyo maana nimeunganisha mambo haya mawili hapa.

Hesabu yenyewe

Uniti moja ya umeme (kilowati moja ikitumika saa moja) inapandisha joto la lita 860 za maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Ukiishika namba hiyo unaweza kupiga hesabu ya hita yoyote. Chukua tangi la lita 50, maji yakiingia na nyuzi 20 na unataka yafike 60. Unapandisha nyuzi 40, kwa hiyo 50 mara 40 gawa kwa 860: uniti 2.3. Elementi ya kilowati 1.5 itaimaliza kazi hiyo kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Lakini hakuna anayeoga maji ya nyuzi 60. Tunaoga maji ya karibu nyuzi 40, yaani tunachanganya. Maji ya nyuzi 60 na ya nyuzi 20 kwa kiasi sawa yanatoa nyuzi 40, kwa hiyo lita moja ya tangini inakuwa lita mbili za kuogea. Hapo usihesabu tangi zima: kila unapotoa maji moto juu, maji baridi yanaingia chini, na ikibaki kama sehemu ya tano ya tangi, yale yanayotoka yanaanza kupoa. Mimi hukadiria asilimia 80 ya ujazo.

Jedwali hili limepigwa kwa maji ya nyuzi 20, elementi ya kilowati 1.5, na shawa inayotoa lita 8 kwa dakika.

| Tangi | Uniti za kupasha tangi zima | Muda wa kupasha | Maji ya kuogea (nyuzi 40) | Dakika za shawa |
|---|---|---|---|---|
| Lita 15 | 0.7 | dakika 28 | lita 24 | 3 |
| Lita 30 | 1.4 | dakika 56 | lita 48 | 6 |
| Lita 50 | 2.3 | saa 1 na dakika 33 | lita 80 | 10 |
| Lita 80 | 3.7 | saa 2 na dakika 29 | lita 128 | 16 |
| Lita 100 | 4.7 | saa 3 na dakika 6 | lita 160 | 20 |

Wanaoogea ndoo wasome safu ya nne, ya maji ya kuogea. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ya vuguvugu inamtosha mtu mzima, kwa hiyo tangi la lita 50 ni ndoo nne na la lita 30 ni ndoo mbili na ziada kidogo. Kwa shawa, tangi hilohilo la lita 50 ni watu wawili wanaooga dakika tano kila mmoja. Tofauti kati ya ndoo na shawa ni kubwa kuliko tofauti kati ya saizi mbili za hita, na dukani haitajwi.

Mji nao una neno lake

Maji ya Dar es Salaam au Mombasa yanayotoka kwenye tangi la juu hufika nyuzi 27 bila taabu. Hapo lita 50 zilizopashwa hadi 60 zinatoa karibu lita 100 za kuogea, na uniti zinashuka hadi 1.9. Njombe asubuhi ya Julai, maji yakiwa nyuzi 14, tangi lilelile linatoa kama lita 70 tu na linakula uniti 2.7. Ushauri wa jamaa yako aliyeko Mbezi haukufai ukiwa Makambako, hata kama familia zenu zinalingana.

Sasa nichague. Lita 15 ni za sinki la jikoni au choo cha wageni, zisikae kwenye bafu la familia. Lita 30 zinatosha mtu mmoja au wawili, na Pwani zinatosha hata watatu. Lita 50 ndiyo saizi ninayowapa watu wengi wa nyanda za juu wenye familia ya watu watatu au wanne, mradi wasioge wote kwa shawa ndani ya nusu saa. Familia ya watano wanaowania bafu moja alfajiri iende lita 80. Lita 100 na zaidi nazipendekeza pale ambapo hita moja inalisha bafu mbili, au kuna mtu anayejaza sinki la kujilaza. Vinginevyo, bafu mbili zilizo pande mbili za nyumba zihudumiwe na hita mbili ndogo. Bomba refu kati ya hita na shawa hubaki na maji moto ndani yake kila mtu anapomaliza kuoga, na yanapoa humo bila faida. Anayefuata anayamwaga kwanza akisubiri ya moto.

Jambo moja kuhusu uzito, maana nimeona hita zilizoning'inizwa vibaya. Tangi la lita 80 likijaa linazidi kilo 100 ukijumlisha na uzito wa chombo chenyewe. Ukuta wa tofali lenye matundu hauwezi kushikilia mzigo huo kwa boliti mbili fupi. Kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi mapema ajaze zege mahali hita itakapokaa.

Tangi au shawa ya papo kwa papo

Ile shawa ya umeme inayopasha maji yakiwa yanapita, ambayo imejaa kwenye nyumba za kupanga za Nairobi, haina ujazo wa kuchagua. Saizi yake ni kilowati. Ya kawaida ni kilowati 5.5 hivi, na ikipitisha lita 4 kwa dakika inapandisha joto kwa nyuzi 20. Maji ya nyuzi 18 yanatoka yakiwa 38, yanaogeka. Ukiifungua zaidi, lita 6 kwa dakika, inapandisha nyuzi 13 tu na unaoga maji ya nyuzi 31. Dar hiyo inatosha kabisa, kwa kuwa 27 na 13 ni 40. Njombe utalazimika kuibana hadi lita 3 kwa dakika, ambazo ni maji membamba mno kwa mwenye nywele nyingi za kuosha.

Watu husema shawa ya papo kwa papo inakula umeme kuliko tangi. Hesabu inasema vinginevyo. Dakika tano za kilowati 5.5 ni uniti 0.46. Dakika tano za shawa ya tangi, lita 40 za kuogea, ni uniti 0.93. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo inatokana na maji machache inayotoa, kwa hiyo ukibana shawa ya tangi nayo itashuka. Tangi lina hasara nyingine: likiachwa limewashwa mchana kutwa linapoteza joto kupitia kuta zake, na kwa tangi la ukubwa wa kati ni karibu uniti moja kwa siku. Lisiachwe hivyo. Liwashwe saa mbili kabla ya kuoga, kisha lizimwe.

Pale shawa ya papo kwa papo inaposhindwa ni kwenye nyaya na nguvu ya umeme. Kilowati 5.5 zinavuta takriban ampea 24. Hiyo inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, waya wa milimita 6 na breka ya ampea 32. Kuiunga kwenye waya wa soketi ni kutafuta moto. Tena, pale ambapo umeme hushuka jioni hadi volti 180, kifaa cha volti 230 kinabakiwa na asilimia 61 tu ya nguvu yake. Kilowati 5.5 zinakuwa 3.4, na maji yanatoka baridi. Tangi likikutana na umeme hafifu linachelewa tu, ila mwishowe maji yanapata moto. Na mwenye jenereta ndogo au inveta asifikirie kabisa shawa ya papo kwa papo. Tangi lenye elementi ya kilowati 1.5 linavuta ampea 6 na ushei.

Maji ya kisima yenye chumvi yanahitaji tahadhari ya pekee. Shawa nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanaitafuna na pia yanapitisha umeme kwa urahisi zaidi. Ziko zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa. Uliza kabla ya kulipa. Na kwa aina yoyote utakayochukua, ethi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja) iwe ya kweli, ipimwe, na iwepo breka inayokata umeme ukivuja. Hapa sina ulegevu: hita isiyo na ethi isiwashwe hata siku moja.

Hita ya jua nitaipitia kwa haraka. Kwa familia ya watu wanne au watano inachukuliwa ya lita 150 hadi 200, kubwa kuliko tangi la umeme, kwa sababu jua linapasha mara moja kwa siku na maji hayo lazima yavuke usiku. Iringa, ambako miezi ya baridi ina jua la kutosha, inalipa vizuri. Arusha, ambako Juni na Julai mawingu hutanda siku nyingi, hakikisha ina elementi ya akiba. Ukichukua ya mirija ya vioo, ijazwe maji alfajiri au jioni. Maji baridi yakiingia kwenye mirija mikavu iliyopigwa na jua la mchana, mirija inapasuka.

LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) itasemaje

Watu wanne wakioga shawa ya tangi dakika tano kila siku, uniti 0.93 kila mmoja, wanafikia uniti 112 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa kundi la kawaida la T1, ambaye uniti yake ni shilingi 292 na inafika karibu 356 ukiweka kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 40,000. Kwa aliye kundi la D1, linalokusudiwa wenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya shilingi 100 kabla ya kodi, hita peke yake inatosha kumtoa humo. Nasisitiza hili kwa sababu baada ya hapo hata taa na friji zitalipiwa kwa bei ya juu. Wakiogea ndoo, hita itakula uniti 56 hivi, lakini ukijumlisha vitu vingine vya nyumbani mstari wa 75 bado unavukwa kirahisi.

Kabla ya kusema hita ni ndogo, tafuta maji yanayopotea

Dalili ni hizi: zamani maji yalitosha watu watatu, sasa yanatosha mmoja na nusu; taa ya hita inawaka tena na tena ilhali hakuna anayeoga; LUKU inaisha mapema; bomba la maji moto lina joto saa kadhaa baada ya mtu wa mwisho kuoga. Hita haipungui ukubwa. Ikibadilika hivyo, ama elementi imejaa magadi, ama maji yanatoka.

Anza na valvu ya usalama, ile ndogo yenye kijimkono pale maji baridi yanapoingilia. Inadondosha matone, na wengi huogopa. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanatanuka kwa karibu asilimia 1.5. Katika tangi la lita 50 hiyo ni zaidi ya robo tatu ya lita, na kwa sababu valvu hiyo hairuhusu maji kurudi yalikotoka, yanatokea kwenye tundu lake dogo. Kudondosha hita ikiwa inapasha ni afya. Kudondosha hita ikiwa imezimwa na imepoa ni ugonjwa: kuna mchanga umekaa kwenye kiti cha valvu, au msukumo wa maji ni mkubwa kupita kiasi. Inua kijimkono mara mbili tatu, maji yatoke kwa nguvu yaondoe uchafu, huku ukijihadhari na maji ya moto. Ikiendelea, badilisha valvu. Usikubali fundi yeyote alizibe tundu lile kwa plagi au tepu, hata akisema anakuokolea maji. Thamostati (kidhibiti cha joto) ikikwama siku hiyo, tangi halina pa kupumulia.

Weka glasi chini ya tundu. Glasi ya mililita 250 ikijaa kwa saa moja, ni lita 6 kwa siku na lita 180 kwa mwezi. Yakiwa ni maji moto, yameondoka na uniti zaidi ya 8, karibu shilingi 3,000 kwa bei ya T1. Tone ambalo hukulijali lina bei.

Kisha mita. Funga koki zote, mashine ya kufulia isiwe inavuta, na tangi la choo liwe limejaa. Angalia kile kigurudumu kidogo au pembetatu kwenye mita ya maji. Kikizunguka, kuna uvujaji. Sasa funga valvu ya maji yanayoingia kwenye hita. Kigurudumu kikisimama, uvujaji uko upande wa maji moto, na umepunguza eneo la kutafuta kwa zaidi ya nusu. Kisiposimama, kuna uvujaji upande wa baridi, na kwa uvujaji huo hita yako haina kosa. Wanaotumia tangi la juu, kama ilivyo kwa wengi wetu, mita haitawaambia kitu: wazime pampu usiku, wafunge maji yanayoingia tangini, waweke alama kwa kalamu ya wino mzito usawa wa maji, na waitazame alfajiri kabla mtu hajaamka.

Kuna upotevu mmoja ambao hauachi hata tone sakafuni. Bafu lenye miksa na bomba la kunawia lenye kitufe mwishoni: mtu anamaliza, anaachia kitufe, maji yanasimama, lakini miksa yenyewe ameiacha wazi. Ndani yake maji moto na baridi yamekutana, na upande wenye msukumo mkubwa unaingia kwenye ule mwingine. Mwenye kuoga bafu la pili anapata vuguvugu hata akifungua upande wa moto mpaka mwisho, anasema hita ni mbovu. Ili kupima, funga valvu ya maji baridi ya hita, kisha fungua koki ya maji moto pekee. Baada ya muda mfupi inatakiwa ikauke. Ikiendelea kutoa maji, yanapenya kutoka upande wa baridi kupitia miksa fulani. Zifunge moja moja hadi uikute.

Maungio yanakaguliwa kwa karatasi ya chooni. Zima hita kwenye breka, subiri ipoe, kausha kila ungio, kisha lizungushie karatasi kavu na uiache usiku. Asubuhi karatasi yenye doa inakuonyesha mahali bila ubishi. Tazama hosi za kuunganishia: nyuzi zake za chuma zikianza kukatika au kuwa na kutu, zibadilishwe zikiwa bado hazijapasuka. Mabomba ya plastiki ya PPR ya maji moto yawe ya daraja la maji moto. Yale membamba ya maji baridi hulegea kwenye maungio baada ya miaka ya joto, nayo yakiwa ndani ya ukuta utayajua kwa rangi inayobambuka upande wa pili.

Maji yakitokea chini ya kifuniko cha elementi, mara nyingi ni gasketi, na gasketi inabadilishwa. Omba fundi atoe pia fimbo ya magnesi iliyo ndani wakati huohuo. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Maji laini ya mlimani huila polepole, maji ya kisima chenye chumvi huweza kuimaliza mapema, kwa hiyo huko iangaliwe kila mwaka. Imebaki waya mtupu? Weka mpya, tangi litaongeza maisha.

Ila ikiwa maji yanatoka kwenye mwili wa tangi, yanapenya kwenye sponji ya ndani na kutokea kwenye ganda la nje yakiwa na rangi ya kutu, hakuna gundi wala kuchomelea kutakakofaa. Kata umeme kwenye breka, funga maji, na ununue nyingine. Hapo ndipo urudi kwenye jedwali, ukiwa na hesabu ya watu wanaooga mfululizo asubuhi na uhakika kwamba maji hayapotei popote. Wengi waliokuja wakitaka lita 80 huondoka na 50.